Korongo hukausha shamba kabla ya kulibomoa

Msomaji anauliza: "Shamba langu liko ukanda mkavu, mteremko wake ni mdogo, na korongo limeingia kutokea bondeni. Msimu uliopita kichwa chake, yaani ncha ya juu linakoanzia, kilipanda karibu mita sita. Kinachonishangaza ni kwamba mazao yaliyo hadi mita kumi kutoka ukingoni, mahali ambapo ardhi haijabomoka hata kidogo, yamedumaa na kunyauka mapema, ilhali ndani ya korongo kumeota nyasi na vichaka vya kijani. Nimepanga kulifukia kwa udongo na mabua kabla ya mvua. Je, ni sahihi? Na kwa nini pembeni pakauke huku ndani kukisitawi?"

Nianze na la kulifukia: usifanye hivyo, walau si kwa njia hiyo. Udongo uliomwagwa shimoni haujashikana, kwa hiyo mvua kubwa ya kwanza itauondoa kwa urahisi kuliko ilivyouondoa ule wa mwanzo. Mabua nayo yataelea, yatakwama mahali pamoja na kuyasukuma maji yaukwangue ukuta wa pembeni. Utakuwa umepoteza udongo mara mbili, na wa pili utakuwa umeuchimba kwa mikono yako.

Swali lako la mwisho ndilo lenye ufunguo wa hayo mengine. Pembeni kukavu na ndani kubichi si mambo mawili. Korongo ni mfereji wa kuondoa maji ambao hakuna aliyeupanga, na maji yaliyopaswa kulala shambani mwako yamehamia humo. Watu huliogopa korongo kwa sababu ya ardhi inayoanguka, kwa kuwa hiyo inaonekana. Hasara ya maji hutangulia, tena hufika mbali zaidi.

Maji yanapitia wapi

Milimita moja ya mvua kwenye hekta moja ni mita 10 za ujazo, yaani lita 10,000. Ikinyesha mvua ya milimita 30 na theluthi yake ikatiririka bila kupenya, kila hekta imepoteza lita 100,000 kwa mvua moja. Kwenye shamba lisilo na korongo sehemu kubwa ya maji hayo huzunguka, hutuama kwenye vibonde vidogo, hukwama kwenye mabaki ya mazao, na mengine hupenya kabla hayajatoka. Korongo likishaingia, kila sehemu iliyo karibu nalo inakuwa na mahali pa chini zaidi pa kumwagia. Mteremko wa mita chache za mwisho kuelekea ukingoni huongezeka, vifereji vidogo hujichonga, na maji yaliyohitaji nusu saa kutoka shambani hutoka kwa dakika chache. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya ukavu, na kwa mashamba mengi ndiyo kubwa kuliko zote.

Njia ya pili ni kuta zenyewe. Ukuta ulio wazi hukaushwa na jua na upepo kwa ubavuni, na unyevu wa ndani huufuata. Mipasuko ya udongo wa mfinyanzi huongeza kasi hiyo. Lakini athari yake mara nyingi ni ya ukanda mwembamba, mita moja hadi tatu hivi, kwa hiyo peke yake haitoshi kueleza mita zako kumi.

Njia ya tatu huwa kali zaidi mabondeni na kwenye mbuga: korongo likichimbika hadi chini ya tabaka lenye maji, maji ya ardhini huvujia ndani yake na kiwango chao hushuka eneo zima. Mimea yenye mizizi mifupi hubaki juu ya udongo uliokauka, na kwenye udongo wa kichanga athari hii husafiri mbali.

Kuna pia uwezekano wa nne, ambao wengi huusahau: huenda mazao hayo yana njaa kuliko kiu. Maji yanayokimbilia korongoni hukwangua tabaka la juu yakiwa njiani. Sentimita 15 hadi 20 za juu ndizo zinazobeba mboji nyingi, nitrojeni, na fosforasi inayofikika na mizizi. Tena maji hayachukui kila kitu sawasawa. Hutangulia na chembe laini na mboji kwa sababu ni nyepesi, yakaacha mchanga na changarawe. Ndiyo maana tope linalotoka shambani huwa na rutuba zaidi kwa kila kilo kuliko udongo lilikotoka. Kinachobaki hushika maji kidogo, hufunga gamba juu mvua ikipiga, na gamba hilo huongeza maji yanayotiririka. Ukishafika hapo, korongo na shamba vinalishana.

Ili ujue ni ipi kati ya hizo inayokusumbua, chimba mashimo. Subiri siku tatu baada ya mvua kubwa. Vuta kamba kutoka ukingoni kwenda shambani kwa pembe mraba, halafu chimba kwa sepetu au bomba la kupimia udongo kwenye mita 1, 3, 6, 12 na 20, kina cha sentimita 60. Usisimame ukingoni kabisa. Shimo la kwanza lichimbe ukiwa upande wa shamba. Kwa kila shimo chukua konzi ya udongo kwenye sentimita 15, 30 na 60, uifinye. Ikitengeneza tonge linaloshikana na kuacha unyevu kiganjani, kuna maji ya kutosha. Ikishikana kisha ikavunjika ukiigusa kwa kidole gumba, mmea umeanza kuhangaika. Ikimwagika kama unga, hakuna kitu.

Sasa soma matokeo. Ukavu ukiwa shimo la mita 1 na labda la mita 3 tu, ni ukuta unaopumua. Ukiona unyevu umeishia sentimita 10 au 15 za juu hadi mita 12, lakini kwenye mita 20 umeshuka hadi 60, tatizo ni maji ya juu yanayokimbia kabla ya kupenya. Pale juu panapokuwa na unyevu wa kawaida lakini sentimita 60 ni kavu kila shimo, angalia ukuta wa korongo: mstari wa unyevu, chumvi nyeupe au uchirizi mdogo unaonyesha tabaka la maji lililokatwa. Na kama unyevu ni sawa mashimo yote lakini udongo mweusi wa juu una sentimita 5 karibu na ukingo na 20 kule ndani, mazao yako yana njaa. Mara nyingi utakuta mchanganyiko wa la maji ya juu na hili la njaa.

Kwa nini ndani kumemea

Sakafu ya korongo hupokea maji ya eneo kubwa kuliko ukubwa wake. Ina kivuli sehemu ya siku, upepo ni mdogo, na mizizi iko mita moja au mbili karibu zaidi na maji ya ardhini. Tope laini linalotua pale wimbi linapopungua nguvu huja na mboji na mbegu za magugu, nyasi na miti ya eneo zima la juu. Kwenye ukanda mkavu hapo panakuwa kama kitalu.

Lakini tembea korongoni kutoka kichwani kwenda chini uone kwamba si ubichi wa aina moja. Karibu na kichwa sakafu ni tupu, imejaa madongo yaliyoanguka majuzi. Ukishuka, unakuta magugu ya msimu mmoja, yale yanayoota upesi na kufa. Kisha zinakuja nyasi za kudumu zenye vishina vinavyotambaa, halafu vichaka, na sehemu ya chini kabisa, ambayo ndiyo kongwe, miti yenye shina nene kuliko mkono. Mpangilio huo ni kalenda. Mahali ambapo nyasi za kudumu zimeshika sakafu, sakafu imeacha kuchimbika, walau kwa sasa. Ukiona mizizi ya mti imening'inia hewani sentimita 40 juu ya sakafu, korongo limechimbika upya tangu mti huo uote, na huenda kuna wimbi la pili la uchimbaji linapanda kutoka chini. Hilo ni muhimu kulijua kabla ya kujenga chochote.

Juu ya ukingo mambo huenda kinyume. Nyasi za kudumu hupungua kwa sababu hutegemea unyevu wa tabaka la juu. Nafasi yake hushikwa na za msimu mmoja na vichaka vya miiba vyenye mizizi mirefu. Nyasi zikiwa haba, ardhi kati ya kichaka na kichaka hubaki wazi, na maji hukimbia zaidi. Mchwa na minyoo nao hupungua palipo wazi na pagumu, na pamoja nao hupungua matundu ambayo maji yangepenyea. Kuta zilizosimama wima zina wakazi wao: nyuki wasio wa mzinga na ndege wala-nyuki huchimba viota humo, na wanyama wa mashimo hujificha. Si jambo baya kwa viumbe, ila matundu yanayotokeza juu ya ukingo yazibwe, maana maji yakiyapata huyageuza handaki.

Kwa hiyo kijani kile si dalili kwamba ardhi inapona. Ni rutuba na maji yako yaliyohamishwa. Hata hivyo, usikifyeke. Mimea hiyo ndiyo kizuizi cha bei nafuu kuliko vyote utakavyojenga. Kila shina hupunguza kasi ya maji na kudondosha tope. Kosa linaloonekana sana ni mtu "kusafisha" korongo ili maji yapite vizuri, au kuwaachia mbuzi walishe humo mwisho wa kiangazi kwa kuwa ndiko kuliko na majani. Mvua ikirudi inakuta sakafu uchi.

Kondoa, nchini Tanzania, ni mfano unaotajwa sana kwa jambo hili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973 kwa kuchimba makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji yanayotiririka, na kupanda miti, lakini mabadiliko makubwa ya uoto yalionekana baada ya mifugo kuondolewa katika eneo lililoharibika mwaka 1979. Nyasi na vichaka vilirudi kwenye miteremko bila kupandwa. Gharama ya uamuzi ule kwa wafugaji ilikuwa kubwa, na hakuna anayehitaji kuuiga mzima mzima. Kwa shamba la mtu mmoja, uzio wa misimu miwili au mitatu hufanya kazi hiyohiyo.

Jinsi kichwa kinavyopanda

Simama kwa usalama upande mmoja wa kichwa baada ya mvua uangalie. Juu kuna ukingo wa nyasi na mizizi, mgumu kidogo, unaochomoza mbele kama ukingo wa paa. Chini yake udongo umeliwa ndani. Chini kabisa kuna shimo kama beseni, ambapo maji yanayoanguka hujizungusha na kukwangua mguu wa ukuta. Sasa tazama juu, sentimita 20 hadi 50 nyuma ya ukingo: kuna ufa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo. Hapo ndipo kipande kijacho kitakatikia. Mara nyingi hakikatiki mvua ikinyesha. Hukatika saa kadhaa baadaye, udongo ukiwa umelowa na kuwa mzito na maji yaliyoujaza ufa yakiendelea kuulegeza. Wimbi linalofuata hubeba madongo hayo, mguu unabaki wazi, na mzunguko unaanza tena.

Mita sita zako zina maana gani? Tuseme korongo lina upana wa mita 4 juu, mita 1 chini, na kina cha mita 2. Eneo la sura yake ni (4 + 1) ÷ 2 × 2, yaani mita 5 za mraba. Zidisha kwa mita 6: mita 30 za ujazo. Kwa uzito wa kawaida wa tani 1.4 kwa kila mita ya ujazo, ni kama tani 42 kwa msimu mmoja, na hapo hatujahesabu kilichokwanguliwa juu ya shamba.

Kuna udongo usiofuata mwenendo huu. Ukiwa na sodiamu nyingi, hauhitaji kusukumwa na maji. Hutawanyika wenyewe ukilowa, na maji huutoboa chini kwa chini. Dalili ni matundu ya duara kwenye ukuta, vishimo vinavyodidimia ghafla shambani mita kadhaa nyuma ya kichwa, na maji ya madimbwi yasiyotakata hata baada ya siku nyingi. Pima hivi: chukua vidonge vitatu au vinne vikavu vya udongo, kila kimoja ukubwa wa punje ya njegere, kutoka tabaka la juu, na vingine kutoka katikati ya ukuta. Viweke taratibu kwenye glasi safi yenye maji ya mvua. Usitumie maji ya kisima. Chumvi yake itakudanganya. Usitikise. Angalia baada ya dakika 10, saa 2 na saa 20. Kidonge kikivunjika kuwa vipande huku maji yakibaki maangavu, udongo umelegea kwa sababu umekosa mboji, na hilo linatibika kwa samadi na mabaki ya mimea. Kidonge kikizungukwa na wingu kama maziwa, udongo unatawanyika. Hapo kila kazi ya kuchimba inakuwa ya hatari: mtaro utakaouchimba utageuka korongo jipya, kwa hiyo inua tuta kwa udongo wa juu badala ya kuchimba. Jasi hufaa kwa udongo huo. Viwango vya tani 2 hadi 5 kwa hekta hutumika sana, lakini pima sodiamu maabara kwanza, kwani ikiwa tatizo si sodiamu utakuwa umetupa jasi.

Kazi ianzie juu

Hesabu maji kabla ya kubeba jiwe. Pima eneo linalomwaga maji kwenye kichwa cha korongo. Tembea juu yake na uangalie mikondo, usikadirie ukiwa umekaa. Kisha tumia kanuni hii: zidisha kigawe cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka bila kupenya) kwa mvua ya kilele (mm kwa saa) kwa hekta, ugawe kwa 360. Kwa shamba lililolimwa lenye mteremko mdogo kigawe huwa kati ya 0.3 na 0.5. Mfano: 0.4 × 60 × 3 ÷ 360 = mita 0.2 za ujazo kwa sekunde, lita 200. Ndiyo maana mabua hayazuii kitu.

Njia na barabara zijumuishwe. Makorongo mengi ya mashambani hayakuanzishwa na shamba. Yalianzishwa na njia ya ng'ombe iliyonyooka na mteremko, au kalavati lililokusanya maji ya barabara nzima na kuyamwaga mahali pamoja. Kama chanzo chako ni hicho, matuta ya shambani yatavunjika kila mwaka mpaka kalavati au njia hiyo ishughulikiwe.

Sehemu ya kwanza ya maji ibaki shambani: lima kwa kufuata kontua (mistari ya usawa mmoja inayokata mteremko), acha mabaki ya mazao juu, vunja tabaka gumu la jembe kama lipo, na weka makinga maji. Kontua zipimwe kwa fremu ya A au mpira wa maji; jicho hudanganya sana kwenye mteremko wa chini ya asilimia 3. Kinga maji lililopinda na kushuka katikati hukusanya maji yote kwenye kitovu kimoja, hupasuka hapo, na huzaa korongo lililonyooka kama rula.

Maji yanayozidi yachepushwe yasifike kichwani. Kwa lita 200 kwa sekunde, mtaro wenye sakafu ya sentimita 50, kingo zilizolala kwa uwiano wa 1 kwa 1 na maji ya kina cha sentimita 40 unatosha yakienda mita 0.6 kwa sekunde. Ongeza tuta la sentimita 20 juu ya kiwango hicho kwa usalama. Mwinamo uwe sentimita 25 hadi 50 kwa kila mita 100. Ukizidisha, mtaro wenyewe utachimbika. Ukipunguza, utajaa tope na kufurika mahali pabaya kuliko pote. Uweke nyuma ya kichwa kwa umbali usiopungua mara tatu ya kina cha korongo. Na kabla ya jembe la kwanza, jibu swali hili: maji yataishia wapi? Yamwagwe yakiwa yametandazwa kwenye nyasi nene zilizokwisha kushika. Ukiyamwaga kwa jirani au kwenye njia, umehamisha korongo tu. Ikiwa nyasi hizo hazipo, zipande msimu huu na mtaro uuchimbe msimu ujao. Ni ushauri usiopendwa, lakini mtaro usio na mwisho salama ni afadhali usichimbwe.

Kichwa na sakafu

Kichwa chenye kina cha hadi mita moja na nusu kinaweza kutibiwa kwa mikono. Kata ukingo unaoning'inia uulaze kwa uwiano wa 1 kwa 1, na 1 kwa 2 (mita 1 kwenda juu, mita 2 kurudi nyuma) kama udongo ni wa kichanga. Tandika changarawe ya sentimita 10, au kitambaa cha kuchujia, halafu panga mawe ya sentimita 20 hadi 30, makubwa yakiwa mguuni, mpaka beseni la chini nalo lijae mawe. Tabaka la changarawe ndilo linalorukwa zaidi na ndilo linaloamua. Bila hilo, maji hupita kati ya mawe na kunyonya udongo uliopo nyuma yake. Mawe yanabaki yamepangwa vizuri juu ya pango. Mawe ya juu kabisa yawe sawa na uso wa ardhi au chini kidogo. Yakichomoza hata sentimita 5, maji yatayakwepa na kuchimba pembeni.

Sakafuni jenga vizuizi vifupi vingi badala ya kimoja kirefu. Ukuta wa mita mbili wa zege unaonekana imara, ila maji huuzunguka au huchimba mguu wake, na ukianguka tope lote la miaka huondoka siku moja. Kimo cha sentimita 60 kinatosha. Nafasi kati yake hupatikana kwa kugawa kimo kwa mwinamo wa sakafu: kwa mwinamo wa asilimia 5, 0.6 ÷ 0.05 ni mita 12. Mguu wa kizuizi cha juu uwe usawa mmoja na utoro, yaani pengo la katikati linalopitisha maji, wa kizuizi cha chini yake.

Kila kizuizi kichimbiwe sentimita 30 hadi 50 kwenye sakafu na 50 ndani ya kila ukuta. Katikati kiwe chini kuliko pembeni, huo ndio utoro, ili maji yapite katikati na yasiguse kuta. Kwa zile lita 200, utoro wa upana wa mita 1 unahitaji maji ya kina cha sentimita 25. Ufanye wa sentimita 40. Chini ya utoro tandika mawe yenye urefu wa mara moja na nusu hadi mbili ya kimo cha kizuizi, yakiwa yamezamishwa usawa wa sakafu. Vizuizi vinavyokufa hufa kwa sababu tatu: havikuingizwa ukutani, vilijengwa vimenyooka bila utoro, au havikuwa na mawe ya chini. Pasipo na mawe, fito za unene wa sentimita 8 hadi 10 zilizopigwa sentimita 60 ardhini na kufumwa matawi hufaa kwa korongo dogo. Ukitumia miti inayochipua, baada ya miaka miwili kizuizi kinakuwa ua hai. Usipoipata, fito hizo zitaoza, kwa hiyo nyasi ziwe zimeshika kabla.

Anza kujenga kutoka chini kwenda juu ikiwa uliona ile dalili ya mizizi inayoning'inia. Kizuizi cha kwanza kiwekwe chini ya ile ngazi mpya ya uchimbaji inayopanda sakafuni, vinginevyo itapita chini ya kila ulichojenga.

Tope likijaa nyuma ya kizuizi, hapo ndipo pa kupanda. Vipande vya nyasi za kudumu, vetiva au za eneo lako zenye mizizi mingi, vipandwe sentimita 10 hadi 15 kati ya kimoja na kingine, kwa mistari inayokata mkondo, mwanzoni mwa mvua na si katikati yake. Kuta zilizolazwa zipandwe nyasi zinazotambaa. Mkonge peke yake haushiki udongo kati ya shina na shina, ingawa ni uzio mzuri. Miti mizito usiipande ukingoni: uzito wake na upepo huvuta ukuta. Iweke sakafuni au nyuma ya ukanda wa nyasi. Ukanda huo, ambao jembe haliingii, uwe mpana angalau mara mbili ya kina cha korongo, ukipimwa kutoka kwenye ule ufa na siyo kutoka ukingoni. Kwa kina cha mita 2 unapoteza mita 4 za kulima, ambazo kwa maelezo yako hazikupi mavuno hata sasa. Samadi na mabaki ya mimea vielekezwe kwenye zile mita kumi zilizodumaa, baada ya maji kudhibitiwa. Ukitangulia, vitaishia korongoni.

Korongo lenye kina cha zaidi ya mita 3, au linalopokea maji ya makumi ya hekta, au lenye mahandaki ya chini kwa chini, linahitaji mhandisi wa hifadhi ya ardhi na mara nyingi makubaliano na majirani wote wa juu. Hapo mawe ya mkono ni jasho bure.

Leo piga vigingi vitatu nyuma ya kichwa, kwenye mita 1, 2 na 5, na vingine kila mita 10 pande zote mbili. Pima umbali hadi ukingoni baada ya kila mvua kubwa, na uandike pamoja na milimita za mvua hiyo. Kichwa kikisogea wakati maji hayakufika juu yake, tafuta handaki. Ikiwa kichwa kimetulia lakini kuta zinapanuka, sakafu bado inachimbika, na vizuizi vinatangulia mtaro. Kwa muda uliobaki kabla ya mvua, kipimo cha glasi, mashimo matano na uzio wa kuzuia mifugo vinamalizika ndani ya wiki moja. Kukata na kupanga mawe kichwani kufuate, na mtaro uje tu kama una mahali pa kuumwaga.